Mmoja Akifilisika, Vitu vya Wengine Nyumbani Vinakuwaje?

Mtu anapokaribia kufilisika, swali la kwanza la familia yake kwa kawaida halihusu mahakama. Huwa ni hili: na friji yangu nayo itachukuliwa? Anayeuliza ni mke aliyeinunua kwa mshahara wake, au mama mzee anayekaa kwa mwanawe na kabati alilokuja nalo kutoka kwake, au binti wa chuo ambaye laputopu yake iko mezani pamoja na barua za madeni ya babake.

Kisheria jibu ni fupi. Deni ni la aliyekopa, na kinacholipia deni ni mali ya aliyekopa. Mke hafilisiki kwa sababu mumewe amefilisika, wala mtoto kwa sababu ya mzazi. Ugumu unaanza pale vitu vya watu watano vinapokaa chini ya paa moja bila jina la mwenyewe juu yake. Mfilisi, yaani anayekabidhiwa mali ya aliyefilisika, akiingia sebuleni haoni nani alilipia kochi, anaona kochi. Ndiyo maana karibu kila nitakachoeleza hapa kinarudi kwenye ushahidi: nani alilipa, kwa pesa zipi, lini. Na ushahidi huo unafaa uwe umekusanywa kabla mtu hajabisha mlango.

Ninazungumzia Kenya, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Tanzania ina Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na Uganda ina yake. Msingi unafanana, lakini hatua na muda vinatofautiana, kwa hiyo usichukue tarehe za hapa ukazitumia kule.

Aliyebisha mlango ni nani?

Muulize aliyekuja ana karatasi gani. Watu wa aina nne wanaweza kufika nyumbani kwa ajili ya deni, na familia nyingi huwachanganya wote kwa jina moja la madalali.

Wa kwanza ni dalali wa mahakama. Huyu ana hati iliyotokana na hukumu ya kesi moja, ya mdai mmoja. Kuja kwake hakumaanishi kwamba mtu amefilisika. Wa pili ni mkopeshaji aliyeandikiwa vitu vya nyumba kama dhamana: runinga, kochi, jiko la gesi, friji. Mikopo midogo mingi hutolewa hivyo, na tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017 dhamana hizo husajiliwa kwenye daftari la serikali ambalo yeyote anaweza kulipekua. Wa tatu ni mwenye nyumba anayedai kodi. Ana sheria yake ya zamani ya kuzuia vitu vilivyomo ndani ya nyumba aliyopangisha, na hapo kitu cha asiye mpangaji kinaweza kuingia hatarini haraka kuliko kwa wengine wote. Wa nne ni mfilisi, yaani mtu aliyekabidhiwa mali yote ya aliyefilisika baada ya amri ya Mahakama Kuu. Anaweza kuwa Mfilisi Rasmi wa serikali au mtaalamu aliyepewa leseni.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu amri ya ufilisi ikishatolewa, wadai wasio na dhamana husimamishwa. Dalali aliyekwisha kuorodhesha vitu vyako kwa ajili ya deni la kawaida hawezi kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mpelekee nakala ya amri kwa maandishi, mpelekee na wakili wa mdai, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri kwamba wameipokea. Mwenye dhamana ni habari nyingine. Huyo anasimama nje ya foleni na anaweza kuifuata dhamana yake, iwe nyumba iliyo na rehani au kochi lililosajiliwa.

Kuhusu kochi hilo: mume hawezi kuweka rehani kitu ambacho si chake. Ikiwa aliandika cherehani ya mkewe kwenye fomu ya mkopo bila mke kujua, dhamana hiyo inaweza kupingwa. Lakini fomu hizo mara nyingi zina saini ya mke pia, aliyoitia mbele ya afisa wa mkopo pale sebuleni bila kusoma orodha. Kabla ya kubishana, omba nakala ya fomu na uitazame.

Kinachokwenda kwa mfilisi

Kwa kawaida mdai humpa mdaiwa ilani rasmi ya kudai. Siku 21 zikipita bila malipo wala kupingwa mahakamani, anaweza kuomba Mahakama Kuu imtangaze mdaiwa kuwa amefilisika. Mdaiwa mwenyewe pia anaweza kuomba. Amri ikitoka, kila alicho nacho kinahamia kwa mfilisi siku hiyo hiyo: ardhi, gari, pesa benki, hisa, mifugo, stoku ya duka, hata haki ya kudai pesa kwa wengine. Na yeye anatakiwa awasilishe taarifa ya hali yake ya kifedha, yenye mali yote, madeni yote na wadai wote.

Taarifa hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote kwa familia. Atakachoandika humo kuwa ni chake ndicho mfilisi atakachokifuata. Kwa hofu au kwa haraka watu huandika "vyombo vya nyumba" kwa jumla, wakiwa wametia humo friji ya mke na kitanda cha mama. Kaeni pamoja mkaijaze chumba kwa chumba. Kila kitu chenye thamani kiandikwe peke yake, na kama ni cha mtu mwingine, jina la mwenyewe na jinsi alivyokipata viandikwe pia. Msikiache nje ya karatasi. Kitu kilichoachwa nje kikionekana baadaye kinafanana na kitu kilichofichwa, na kuficha mali kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya sheria hiyo.

Aliyefilisika haachwi na sakafu tupu. Sheria inamwachia vifaa vya kazi anavyovihitaji kujipatia riziki, na samani, vyombo na nguo ambazo yeye na wanaomtegemea wanazihitaji. Kipimo ni hitaji. Fundi cherehani anabaki na mashine anayoshonea. Mashine nyingine tano alizowaajiria watu ni mali ya kuuzwa. Vitanda, magodoro, sufuria, meza ya kulia na jiko havina mjadala mkubwa. Mjadala huwa kwenye runinga kubwa ya pili, spika za gharama, mashine ya kufulia na jenereta.

Kuna na hesabu ambayo familia haiioni. Kochi la miaka sita linahitaji gari la kulibeba, ghala, tangazo na ada ya dalali. Likishauzwa, kinachobaki kinaweza kuwa kidogo kuliko gharama zenyewe. Mfilisi anayejua kazi yake hana haja na kochi hilo. Macho yake yako kwenye gari, ploti, ng'ombe wa maziwa, mashine za biashara, hisa na pesa zilizo kwenye akaunti. Familia hulala macho kwa ajili ya makochi na kusahau kwamba ploti ya mke imeandikwa kwa jina la mume.

Ushahidi, kitu kwa kitu

Chukua daftari au fungua jedwali kwenye simu. Kwa kila kitu andika: ni nini, aina na rangi, namba ya kiwandani, kilinunuliwa lini na wapi, bei, nani alilipa, kwa njia gani, na ushahidi uko wapi. Namba ya kiwandani ya friji iko kwenye kibandiko ndani ya mlango au nyuma, ya runinga iko mgongoni, ya laputopu chini, ya cherehani kwenye bati dogo mbele au chini ya mwili wake. Ipige picha. Risiti isiyotaja namba wala aina inaweza kuwa ya friji yoyote.

Risiti zenyewe zina adui mmoja: zile za karatasi laini ya mashine hufifia. Baada ya mwaka kwenye droo ya jikoni, karatasi iliyokuwa na bei, tarehe na PIN (namba ya mlipakodi) ya mnunuzi inabaki nyeupe tupu. Ipige picha siku uliyonunua, ujitumie kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Ukiulizwa dukani risiti iandikwe kwa jina la nani, taja jina na PIN ya anayelipa. Desturi ya kuandika jina la baba mwenye nyumba hata pesa zikiwa za mama imewagharimu wanawake wengi.

Kama risiti haipo, kuna njia nyingine. Taarifa ya M-Pesa hupatikana kwa *334# na inaonyesha ulilipa duka gani na kiasi gani. Taarifa ya benki inaonyesha hivyo hivyo. Duka linaweza kukutolea nakala kutoka kwenye mfumo wake, hasa la vifaa vya umeme ambalo linaweka rekodi za garantii. Kadi ya garantii yenye jina lako ni ushahidi mzuri sana. Barua ya mjomba aliyekununulia laputopu inasaidia pia, lakini ikiambatana na uthibitisho kwamba pesa zilitoka kwake.

Ushahidi unaoanguka unajulikana mapema. Hati ya kiapo inayosema "vitu vyote vilivyomo ndani ya nyumba ni vyangu" bila kutaja hata kimoja. Risiti sita za maduka tofauti, miaka tofauti, zote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Risiti yenye tarehe ya wiki iliyofuata baada ya ilani ya kudai. Mke asiye na kipato kinachoonekana popote akidai alinunua vitu vya laki nne kwa pesa taslimu. Mahakama hutazama madai ya wanandoa kwa jicho la makini kuliko ya mtu wa nje, kwa kuwa ni rahisi wawili kupanga. Mke aliyenunua kweli asikasirishwe na hilo, alete karatasi.

Zawadi za harusi nazo zina wenyewe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kitu ambacho mwanandoa alimpa mwenzake kama zawadi wakati wa ndoa kinachukuliwa kuwa cha aliyepewa, mpaka ithibitishwe vingine. Dhahabu ya bibi harusi, kama ni sehemu ya mahari, ni yake, na kwa ndoa za Kiislamu cheti cha ndoa hutaja mahari. Risiti ya sonara na picha za harusi zikikaa pamoja na cheti hicho, kazi kubwa imekwisha. Hata kwa dalali wa kawaida, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inakataza kukamata mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hatenganishwi nayo, pamoja na nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto.

Mifugo huleta ubishi wa pekee vijijini, kwa sababu ng'ombe wote hulala zizi moja. Kadi ya chanjo au ya kupandisha yenye jina la mama, na malipo ya maziwa kutoka kwa ushirika yakiingia kwenye akaunti ya mama mwezi baada ya mwezi, vina nguvu kuliko mashahidi kumi wa kijiji.

Nyumba ya ndoa

Hapa ndipo penye mali halisi, na penye imani mbaya mbili. Wengine huamini kwamba nyumba ya ndoa haiguswi. Wengine huamini kwamba nusu ni ya mke moja kwa moja. Zote si kweli.

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinasema mwanandoa hawezi kutolewa kwenye nyumba ya ndoa na mtu yeyote, kisha kinataja waliotengwa na katazo hilo: mnunuzi kutokana na utekelezaji wa hukumu, mwenye rehani, na mfilisi. Kwa maneno mengine, bunge lilimtaja mfilisi kwa jina lake. Kile kinachomlinda mke si kule kukaa mle ndani. Ni fungu lake la umiliki.

Fungu hilo linapatikana namna gani? Nyumba ikiwa kwa majina ya wote wawili, sheria huanza na dhana kwamba mafungu ni sawa. Ikiwa kwa jina la mmoja tu na ilipatikana wakati wa ndoa, dhana ni kwamba anamshikia mwenzake fungu lake kama amana, na mali ambayo aliyefilisika anaishika kwa amana ya mwingine haigawiwi wadai. Dhana hizo zote mbili zinaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Ukubwa wa fungu hutegemea mchango, na mchango si pesa tu: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba vinahesabiwa. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikata shauri kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja; kila mmoja aonyeshe alichochangia. Kwa Waislamu, sheria hiyo inaruhusu mali ya ndoa iongozwe na sheria ya Kiislamu, kwa hiyo familia za Pwani wapate ushauri wa mtu anayezijua zote mbili.

Tupige hesabu. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 9. Benki inadai milioni 4 za rehani. Gharama za kuuza, tuseme, ni laki 5. Inabaki milioni 4.5. Ikiwa mke amethibitisha nusu, chake ni 2,250,000 na cha mfilisi ni 2,250,000. Mfilisi hataki nyumba, anataka hiyo 2,250,000. Ndugu wakiweza kuchanga, au mke akipata mkopo wake mwenyewe, anaweza kumpa mfilisi pendekezo la kununua fungu la mumewe. Mfilisi ana sababu ya kusikiliza, kwa kuwa anaepuka kesi, mnada na miezi ya kusubiri. Pendekezo liende kwa maandishi, likiwa na tathmini ya mthamini aliyesajiliwa, maana bei ya kukisia haitamridhisha. Tathmini ikionyesha kwamba rehani inakaribia thamani ya nyumba, fungu la mfilisi linaweza kuwa dogo sana. Hapo ndipo pa kwenda upesi, kabla bei za mtaa hazijapanda.

Mwana aliyejenga nyumba kwenye shamba la babake yuko kwenye hali tofauti. Nyumba inaifuata ardhi, na ardhi ni ya baba, kwa hiyo mfilisi wa mwana hawezi kuuza shamba la mzee. Lakini Mombasa, mitaa kama Majengo, ina utaratibu wa nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha mtu mmoja, na nyumba ni ya mwingine anayelipa kodi ya ardhi. Hapo nyumba ni mali inayojitegemea. Ikiwa ni ya aliyefilisika, inaweza kuuzwa hata kama kiwanja si chake, na jamaa wanaokaa humo wajiandae kuonyesha kama nao waliijenga.

Gari, simu na chama

Sheria ya Trafiki inasema aliyesajiliwa ndiye huchukuliwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Binti akinunua gari na kulisajili kwa jina la baba ili bima iwe rahisi, amejitwika mzigo wa kuthibitisha. Inawezekana: taarifa ya benki inayoonyesha pesa zimetoka kwake kwenda kwa muuzaji, bima aliyolipa yeye, gharama za gereji. Ila ni kazi, na gari linaweza kukaa yadi miezi mzozo ukiendelea. Kitu kilichonunuliwa kwa mkataba wa kukodisha-ununuzi nacho si cha mnunuzi mpaka malipo yakamilike, kwa hiyo anayechukuliwa kuwa mwenyewe ni muuzaji.

Laini ya simu inastahili uangalifu uliozidi ule inaopewa. Mke anatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume, na biashara yake ya mboga yote inapita humo. Au aliyefilisika ndiye mweka hazina wa chama, yaani kikundi cha kuchanga na kuweka akiba, na laki mbili za wanachama ziko kwenye M-Pesa yake. Kwa mtazamo wa nje, hizo ni pesa zake. Kwa hakika za chama ni amana na hazigawiwi wadai, lakini mfilisi ataomba kuonyeshwa: kumbukumbu za vikao, orodha ya wanachama, daftari la michango linalolingana na jumbe za M-Pesa siku kwa siku. Pesa za chama zilizochanganyika na za unga na nauli kwa miaka ni vigumu kuzitenganisha. Chama kihamishie akiba yake kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na mke asajili laini yake mwenyewe. Kuhamisha mshahara wako mwenyewe kwenda akaunti yako mwenyewe si kuficha mali, na unapaswa kufanya hivyo mara tu dalili zinapoonekana, kwa kuwa akaunti ya pamoja inaweza kufungiwa wote wawili hadi mafungu yajulikane.

Akaunti ya mtoto iliyofunguliwa na mzazi hupekuliwa pia. Pesa alizopewa na nyanya yake na za zawadi za ubatizo hazitasumbua. Laki tatu zilizoingizwa na baba mwezi mmoja kabla ya ilani zitasumbua.

Msihamishe vitu usiku

Naelewa msukumo wake. Mtu akipata barua ya wakili, jambo la kwanza analowaza ni kupeleka runinga kwa shemeji na kuandikisha ploti kwa jina la kaka. Hili ndilo linaloharibu kesi za familia kuliko yote. Mfilisi ana uwezo wa kurudi nyuma na kutengua zawadi, mauzo ya bei ya kutupa, na malipo yaliyompendelea mdai mmoja, na miaka 2 ya mwisho kabla ya ufilisi ndiyo hutazamwa kwa ukali zaidi. Kaka aliyepokea ploti atashtakiwa airudishe. Kibaya zaidi, mke ambaye friji yake ilikuwa yake kwa haki anapoteza kuaminika, kwa kuwa sasa kila dai la nyumba hiyo linanuka.

Malipo kwa ndugu yana hatari hiyo hiyo. Mume anayedaiwa na benki, duka na mkwewe, akamlipa mkwewe peke yake kwa heshima, amemweka mkwe kwenye orodha ya watu watakaoulizwa.

Dalali akija kabla ya ufilisi

Kwa kuwa wengi hukutana na dalali wa hukumu kabla ya kumjua mfilisi, hatua zake ni hizi. Dalali huandika orodha ya vitu, kila kimoja na thamani na hali yake, na kuomba saini ya mwenyewe au mtu mzima anayeishi au kufanya kazi pale. Hata msaidizi wa nyumbani anaweza kutakiwa kutia saini. Anayesaini aandike papo hapo kando ya kila kitu kisicho cha mdaiwa: "ni cha fulani, si cha mdaiwa", na aipige picha karatasi yote. Kisha zinatolewa siku 7 za kukomboa. Zikipita, vitu hubebwa, mnada hutangazwa ndani ya siku 7, na kuuza hakuwi mapema kuliko siku 7 baada ya tangazo la kwanza gazetini wala baada ya siku 14.

Mwenye kitu asingoje vibebwe. Chini ya Agizo la 22 la Kanuni za Kesi za Madai, anapeleka kwenye mahakama iliyotoa hati notisi ya kupinga, pamoja na ombi na hati ya kiapo yenye ushahidi, na kuwapa nakala wahusika wote. Anaweza kufanya hivyo wakati wowote kabla pesa za mnada hazijalipwa, lakini kadiri unavyochelewa ndivyo unavyodai pesa badala ya friji. Mahakama husimamisha utekelezaji kwa muda usiozidi siku 14, na mdai hupewa siku 7 aseme kama anaendelea. Wadai wengi huachilia kitu kimoja kimoja wakiona risiti safi. Orodha fupi ya vitu vinne vyenye ushahidi kamili hufanikiwa kuliko orodha ya vitu thelathini.

Kwa mfilisi hakuna mlolongo huo. Unamwandikia yeye, unaambatanisha jedwali lako na nakala, unampa muda wa kujibu. Akikataa, unakwenda Mahakama Kuu kwenye faili lile lile la ufilisi.

Ulitia saini nini?

Haya yote yanamlinda asiyedaiwa. Kwa hiyo tafuta mikataba ya mikopo uangalie jina lako liko mahali gani. Kama uko pamoja na mkopaji, wewe ni mdaiwa wa deni zima, si nusu. Kama uko kama mdhamini, kufilisika kwake hakukuachilii, na hata yeye akishaachiliwa madeni yake, mdai atakufuata wewe; wadhamini wa sacco wanalijua hili kwa uchungu. Kama ulisaini ridhaa ya mwanandoa kwa ajili ya rehani, hudaiwi chochote mwenyewe, lakini umeruhusu nyumba iuzwe. Na kama nyumba ya ndoa iliwekwa rehani bila ridhaa yako, una hoja nzito dhidi ya benki, na ni ya kumpelekea wakili wiki hiyo hiyo.

Miaka ya kusubiri

Aliyefilisika huachiliwa kutoka kwenye ufilisi kwa nguvu ya sheria miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, ikiwa hakuna aliyepinga. Saa inaanza siku ya kuwasilisha, si siku ya amri. Akiikalia taarifa miezi minane, familia nzima imeongezewa miezi minane. Mwenye madeni yasiyopungua laki 1 wala kuzidi milioni 4, na asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, aulize kwanza kuhusu utaratibu wa wasio na mali, ambao ni mfupi zaidi.

Katika kipindi hicho, anachopata kinaweza kwenda kwa mfilisi pia. Kwa hiyo friji mpya, pikipiki au godoro la mtoto vinunuliwe na anayelipa, kwa jina lake, risiti kwa PIN yake. Urithi ndio unaoshtua familia: baba akifariki katika miaka hiyo, fungu la mwana aliyefilisika linaweza kuishia kwa wadai wake. Mzee aliye hai na mwenye akili timamu ana uhuru wa kuandika wosia unaowapa wajukuu kile ambacho kingemwendea mwanawe, na awe na wakili anapouandika. Na kuachiliwa kukifika, vilivyokwisha kuhamia kwa mfilisi havirudi vyenyewe. Ploti ambayo haijauzwa bado ni ya mfilisi kuiuza, kwa hiyo anayetaka kuinunua amwandikie mfilisi, asimlipe aliyefilisika.